Jina Mkononi na Dawa ya Josho

Ukichorwa jina mkononi, siku zikapita na mkono ukaanza kuwaka moto, usimwonyeshe jirani. Jirani ana dawa. Kila jirani ana dawa, na hakuna hata mmoja atakayekwenda kulala hospitali kwa niaba yako. Mimi niliwaonyesha wote, kwa sababu mkono ulivimba ukawa haufichiki, na kila mmoja akaja na kopo lake. Ndiyo maana naandika. Siandiki kumfurahisha mtu. Kijiji chetu sasa kina mtindo, wasichana na wake za watu wanachorana majina na misalaba na nyota, na juzi nimemwona mmoja kisimani anafukuza nzi mkononi huku anacheka. Nilimwambia aje nyumbani. Hajaja. Basi asome, maana kusoma anajua, tulisoma naye darasa moja.

Naitwa Mwanaidi. Nilipochorwa nilikuwa tayari bibi. Mwanangu Ramadhani alikuwa ameoa, na mkewe Amina ana mtoto mgongoni. Watu walicheka, wakasema bibi mzima anataka kujipamba. Sikuwa najipamba.

Ule mwaka tuliohamia kijijini watu waliletwa kutoka kila upande. Wengine walitoka Mungaa, wengine upande wa Ugogo, tukapangwa kwa mistari, nyumba ya huyu ubavuni mwa nyumba ya yule, na hatujuani hata kwa salamu. Katika mstari wetu aliletwa bibi mmoja peke yake na furushi lake. Kiswahili hajui, Kinyaturu hajui. Hata mvua za kwanza hazijanyesha, akaugua, akafa. Wanaume walichimba kaburi vizuri, kwa hilo sina lawama. Lakini wakauliza, marehemu anaitwa nani? Tukatazamana. Wakauliza, ni wa msikitini au wa kanisani? Tukatazamana tena. Mtu mzima, pengine amezaa, amelima umri wake wote, tunamfukia kama kitu kilichookotwa njiani. Watu walisahau upesi, kulikuwa na nyumba za kujenga. Mimi sikusahau. Nilijiambia, mimi hatanifukia mtu hivyo.

Baadaye likaja darasa la watu wazima. Tulisomea ghalani, katikati ya magunia ya mtama, na mwalimu alikuwa mdogo kuliko mtoto wangu wa mwisho. Neno la kwanza nililoliandika bila kushikwa mkono lilikuwa jina langu. Nililiangalia muda mrefu. Nikasema, hili ndilo nitakalolitia mwilini, mahali ambapo hata nikifa njiani mtu ataliona.

Mchoraji alikuwa Naomi, mke wa jirani, Mnyiramba wa Misigiri. Alikuwa na sindano tatu amezifunga pamoja kwa uzi, na wino wake ulikuwa masizi ya koroboi aliyoyaponda na maji kidogo. Jina lake mwenyewe lilikuwa mkononi, limetulia utadhani alizaliwa nalo. Sindano alizichemsha. Mkono wangu aliuosha kwa sabuni. Laiti angeachwa afanye kazi yake, leo nisingekuwa na la kuandika.

Lakini alikuwapo wifi yangu, Mwanahawa, dada wa mume wangu. Herufi ya kwanza ilipokwisha, akainama akaitazama.

"Masizi haya yatafifia," akasema. "Ngojeni. Mimi nina kitu cheusi kweli."

Akaenda kwake akarudi na betri ya redio iliyokufa. Akaipasua kwa jiwe, akakung'uta ule unga mweusi kwenye kifuu.

Naomi akarudisha mkono. "Shangazi, hiyo mimi sijawahi kuitumia."

"Kwani wewe unajua kila kitu? Wanyiramba bwana! Mnajua viazi tu."

"Na nyie Wanyaturu mnajua kula vya watu."

Watu wakacheka, maana sisi na wao ni watani, na utani ukishaingia hakuna anayesikiliza tena. "Choma, mtani wangu," Mwanahawa akamwambia, "mkono ni wa wifi yangu, si wako." Na Naomi, mgeni katika mstari wetu, akachovya sindano kwenye unga wa betri. Herufi ya kwanza ilichorwa kwa masizi. Saba zilizobaki zilichorwa kwa betri. Kumbuka hilo, maana ile ya kwanza ilikauka, ikatoa gamba, gamba likaanguka lenyewe, ikapona. Mtu akikwambia ni damu yako mbaya, au ni jicho la mtu, mjibu kwamba damu ni moja katika mkono mmoja.

Zile nyingine zilianza kwa kuwasha. Kuwasha kwa kupona nakujua, ni kama sisimizi. Huku kulikuwa kama pilipili. Kisha maji yakatoka, kisha yakageuka rangi, kisha mkono ukawa mzito kama si wangu. Kwapani pakaota mtoki, nikawa natembea nimeutenga mkono na ubavu kama kuku mwenye bawa bovu. Ilikuwa majira ya baridi, uwele umeshavunwa, upepo wa asubuhi unakata ngozi, na mimi natoka jasho.

Sasa wakaja. Mmoja akaleta samli, akasema usioshe kamwe, maji ni adui. Mwingine akaleta majivu ya mavi ya ng'ombe. Mzee mmoja akataka kunitemea ugoro, nikamwambia akateme kwa mkewe. Mwanahawa hakuleta dawa, alileta maneno. Alisimama mlangoni akasema Naomi ana mkono mbaya, Wanyiramba wana wivu. Naomi alisikia, kwa sababu nyumba zile zimebanana, na toka siku ile hakukanyaga kwangu. Nilimpoteza mtu pekee aliyekuwa anajua kazi.

Balozi wetu wa nyumba kumi naye akaja. Ilikuwa zamu ya kupura mtama wa kijiji na mimi sikuonekana.

"Mama Ramadhani," akasema, "watu wanasema umejichora ili usifanye kazi."

"Watu gani?"

"Watu."

"Watu hao wana majina, au wao pia wanataka kuchorwa?"

"Mama, mkono unaouma ni mmoja. Mwingine je?"

Nikafungua kitambaa. Alitazama, kisha harufu ikamfikia, akaziba pua kwa kofia yake. Akaondoka bila kuaga. Yeye ni kiongozi wangu na nilimsalimia alipokuja, lakini sikumwambia karibu tena.

Kitambaa kile ndicho mume wangu alichokiona alipotoka machungani. Mume wangu, Baba Ramadhani, ni mtu wa ng'ombe. Kwa watu ni mgumu wa maneno, lakini ndama akiumwa hali chakula. Kijiji kilikuwa kimepata josho, mifugo ikaanza kuogeshwa, kupe wakaisha, na yeye akaipenda ile dawa ya josho kuliko anavyopenda tumbaku. Ng'ombe akipigwa chapa, anampaka dawa ya josho ili nzi wasitage kwenye kidonda. Ng'ombe wake walipona. Hilo siwezi kulikataa, walipona.

Alikaa karibu yangu kwenye kigoda akashika mkono wangu kama anavyoshika mguu wa ndama, taratibu. "Hii ni chapa tu," akasema. "Chapa nazijua."

"Mimi si ng'ombe."

"Ngozi ni ngozi, Mama Ramadhani. Nimekupimia ya ndama, siyo ya dume."

Akanipaka. Kwa unyoya wa kuku, polepole, herufi kwa herufi, huku akipuliza. Katika miaka yetu yote hakuwahi kunishika kwa upole namna ile. Nikamwacha. Ilipoa kidogo mwanzoni, akatabasamu, akapaka tena. Akaacha na kifuniko cha kopo chenye dawa ili Amina anipake jioni. Amina akapaka, kwa sababu mkwe hawezi kubishana na baba mkwe.

Kilichofuata nilikipata kwa vipande. Mate yalijaa mdomoni yakawa hayaishi, nikitema yanajaa. Macho yakaona kama kupitia ungo. Miguu ikatetemeka yenyewe nimekaa, tumbo likafunga na kufungua. Nilitapika mlenda wote niliokula. Nilimsikia Amina analia, "Baba, mama anakufa!" na mume wangu anasema, "Nilipima ya ndama! Ya ndama!"

Amina ndiye aliyeniosha. Hakuna aliyemwambia. Alichukua sabuni ya mche, akamwaga maji mtungi mzima mkononi mwangu, akaosha dawa yote, huku mume wangu anagomba kwamba anapoteza dawa. Dresa wa zahanati alisema baadaye kwamba yale maji ndiyo yaliyonibakisha. Niliishi na huyu binti katika boma moja toka alipoolewa, na nilikuwa namwona mvivu.

Walinipeleka zahanati kwa mkokoteni wa ng'ombe. Barazani palikuwa na benchi moja na watu wa benchi nne. Mwenye kikohozi, mwenye mtoto wa kuhara, mwenye jino. Nilipoletwa nimelegea, mate yananitoka, walinipisha haraka, si kwa huruma, walidhani nina kichaa cha mbwa. Ningekuwa na nguvu ningewatisha zaidi, nikae benchi lote peke yangu.

Dresa alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti. Alifungua kitambaa, akanusa, akasimama wima.

"Nani amempaka huyu dawa ya josho?"

Mume wangu akasema, "Mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mume wake."

"Huyu ni ng'ombe?"

"Ng'ombe wangu hawafi," mume wangu akajibu, na alikuwa anajibu kweli, hakuwa anatania. Baraza zima likaangua kicheko. Nilimwona anatazama chini. Miaka mingi nilitamani siku moja watu wamcheke yule mtu, na ilipofika nilikuwa natapika kwenye beseni, sikuifaidi.

Dresa alinichoma sindano, akaniosha upya, akifoka kwa kila alichokuwa anafanya. Kisha akasema sumu inatoka, lakini mkono hauko katika uwezo wake, twende hospitali kubwa. Tukarudi kwenye mkokoteni mpaka Mkiwa, pale njia panda, tukakaa kivulini mwa kibanda cha muuza mahindi kusubiri lori. Malori yalipita. Dereva mmoja alisimama, akaona mkono, akasema hawezi kubeba maiti. Nikamwambia maiti ni mama yake. Akaondoka. Amina akanitazama: "Mama, tukane tukishapanda." Wa pili aliyesimama sikumtukana.

Wodini nilipewa kitanda karibu na dirisha. Walipasua mkono mahali pawili, wakatoa uchafu, wakaweka kitambaa ndani kama mtu anayeziba tundu la panya. Kila asubuhi wanakitoa. Kuhusu hilo sitakudanganya kwamba unazoea. Huzoei. Kulikuwa na nesi mmoja aliyekuwa anaingiza maji ya chumvi baridi kama yalivyo, na mwingine, mfupi, mwenye kilemba, ambaye kwanza aliyapasha moto kwenye jiko la mkaa lililokuwa nje. Ilimchelewesha, wenzake wakamsema. Nilikuwa nikiamka natafuta kwa macho ni zamu ya nani. Katika hospitali nzima, hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yangu: maji ya vuguvugu.

Mkono haukutulia. Uvimbe ulipanda kutoka jina ukaja kiwikoni. Daktari, kijana mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuja na kalamu ya wino akazungushia mstari mkononi mwangu, juu ya kiwiko.

"Bibi, unaona hapa? Uvimbe ukivuka mstari huu, tunakata mkono. Tukichelewa unakufa."

Akamgeukia mume wangu, ambaye alikuwa amesimama ukutani na fimbo yake, na kumwambia atahitajika kuweka dole gumba kukubali.

"Kata, daktari," mume wangu akasema. "Kata hata sasa. Bora mtu kuliko mkono."

Wengine watasema lilikuwa neno la upendo. Mimi nililisikia vingine. Mkono mmoja hautwangi. Mkono mmoja haupalilii, hausongi ugali, haubebi kuni na mtoto. Nilimjua mwanamke wa namna hiyo, aliyekatwa mkono baada ya kuumwa na nyoka. Alikuwa anakaa mlangoni kwa kaka yake, wakila wao ndipo anapelekewa. Hakuna aliyempiga. Walimpisha tu, kama unavyopisha kigoda. Nilimwogopa mwanamke yule kuliko kaburi.

"Dole gumba lake la nini?" nikauliza. "Mkono ni wa nani?"

"Bibi, kwa kawaida mume..."

"Ndiye aliyenipaka dawa ya ng'ombe, ndiye umuulize kuhusu mkono? Leta kalamu."

"Unajua kuandika?"

"Ndilo lililonileta hapa."

Nikaandika jina langu pale aliponionyesha, herufi kwa herufi, kwa mkono wa kulia. Daktari alisubiri. Hakunishika mkono wala hakunimalizia. Tukakubaliana hivi: uvimbe ukivuka, nakubali mwenyewe akate. Usipovuka, mtu asinitajie msumeno. Mume wangu akatoka nje, na hakurudi wodini mpaka siku ya pili yake.

Basi nikaishi na ule mstari. Usiulize ni siku ngapi, sikuhesabu, nilikuwa namtazama adui. Ukioshwa kidonda, wino unafifia. Nesi wa maji baridi akaja na kalamu akauliza, "Bibi, nichore tena?"

"Chora palepale. Usinihurumie ukapandisha, usinichukie ukashusha."

"Nikuchukie kwa nini?"

"Maji yako yanajua."

Alinuna, lakini alichora palepale. Na siku iliyofuata, sisemi alibadilika, lakini maji yalikuwa na joto.

Kitanda cha pili alilala mwanamke wa Manyoni aliyeungua moto. Yeye ndiye mtu pekee aliyeutazama mkono wangu asitoe dawa. Alikuwa akiutazama, anatikisa kichwa, kisha tunazungumza habari za mvua. Nakushauri umtafute mtu kama huyo.

Mwanahawa, wifi yangu, alifika siku moja kutoka kijijini na fungu la ndizi. Akakaa, akalia kwa sauti ili wodi isikie, akasema, "Wifi yangu, huyu Naomi Mungu atamwona."

Nikamwambia, "Mwanahawa, betri ni ya nani?"

"Betri gani?"

"Ya redio yako."

Akaacha kulia. "Mimi nilitaka jina lako liwe jeusi."

"Limekuwa jeusi. Mkono wote umekuwa mweusi. Sasa ukirudi, pita kwa Naomi, mbele ya watu wale waliocheka, useme betri ilikuwa yako. Usiposema, usije tena na ndizi."

Alizichukua ndizi zake akaondoka. Amina alisikitika, alikuwa na njaa. "Mama, ungemfukuza yeye, ndizi zibaki." Ndiyo mara ya kwanza nilicheka hospitalini, na kucheka kuliuma mpaka kwapani.

Amina alipikia nje, kwenye mafiga ya wanaouguza, mtoto mgongoni, moshi machoni. Tuligombana kila siku. Aliniambia mimi ni mgonjwa mwenye kiburi. Nilimwambia uji wake una madonge. Akasema, "Mama, kama ungeitwa Asha ungepona mapema. Herufi nne tu." Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana ni kweli, nilikuwa nimeshalifikiria mwenyewe.

Siku moja asubuhi uvimbe ukagusa mstari. Sikuhitaji kuambiwa, nilikuwa nimeamka nao. Daktari akabonyeza kwa kidole, akabonyeza tena, akamwambia nesi, "Kesho asubuhi. Asile kitu."

Mchana wote Amina hakugombana nami. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Alinipaka mafuta miguu, akanisuka nywele mistari miwili, kama mtu anayetayarishwa safari. Mume wangu alikuja akakaa chini, sakafuni, si kwenye kiti. Alisema jambo moja tu: "Yule ng'ombe mwekundu amezaa." Nikamuuliza, dume au jike? Akasema jike. Nilikuwa na hasira naye mpaka meno yananiuma, na sikutaka aondoke.

Yule nesi mfupi wa kilemba alipokuja kuosha, kidonda cha chini kilipasuka chenyewe mikononi mwake. Kikatoa vitu ambavyo sitaviandika, mtu anaweza kuwa anakula. Aliosha, akabadilisha maji, akaosha, jasho linamtoka. Zamu yake ilikwisha akaendelea kuosha.

Kulipopambazuka Amina aliinama mkononi mwangu kabla hata sijafumbua macho vizuri. Akaweka kidole chake kati ya mstari na uvimbe. Kiliingia. Alikiacha kidole palepale, kana kwamba akikitoa nafasi itajifunga.

Daktari akaja na watu wake. Akatazama kidole cha Amina, akamwambia akiondoe, akatazama mwenyewe. Akabonyeza. Nilikuwa nimekaza shingo kama mbuzi anayevutwa. Akamgeukia nesi akasema maneno mawili.

"Mpeni uji."

Nilikunywa uji ule wa hospitali, hauna sukari, una moshi, na sijanywa kitu kama kile tena.

Usidhani ndiyo mwisho. Watu wanadhani mtu akiponea kisu amepona. Niliendelea kuoshwa mpaka joto la kabla ya mvua likaja na bati la wodi likaanza kulia mchana. Ngozi mpya ilikuja kutoka pembeni, nyembamba kama ya maziwa yaliyochemka, ukiigusa inachanika. Iliwasha. Hapo ndipo nakwambia kwa ukali: usikune. Usibandue gamba hata likining'inia. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yakabaki vuguvugu, tia chumvi, kausha kwa kitambaa kilichochemshwa na kuanikwa juani, kisha funika nzi wasitue. Usiweke samli. Usiweke majivu. Usimwache mchungaji akakusogelea na kopo. Na ukiona joto linapanda kuelekea kiwikoni, usingoje mtu akupe ruhusa ya kwenda kwa daktari.

Nilirudi nyumbani vidole viwili vya mkono wa kushoto vikiwa havikunjiki sawasawa. Jina limekwisha. Imebaki M, nzuri, imetulia, na baada yake ni kovu linalong'aa kama njia ya konokono. Naomi alikuja kunisalimia. Mwanahawa alikuwa amesema, ndiyo. Alisema kwa kunung'unika na kwa kuzungukazunguka, lakini alisema na watu walisikia. Naomi akapima kovu kwa macho, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mkono wa kulia bado ni mzima, anaweza kunichora upya, kwa masizi. Nilimwambia mtani wangu, nenda kwanza ukachore mkono wa Mwanahawa.

Mume wangu hakuniomba msamaha, na sikumdai. Lakini maji ya kidonda alichemsha yeye. Alikuwa ameona hospitalini, na yule mtu akiona kitu kinafaa anakishika chote. Leo ng'ombe wake wakiumia wanaoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, na kuni nazileta mimi. Kopo la josho hulifungia nje ya boma. Nikimuudhi sana namwambia, "Nipimie ya ndama," na yeye anaondoka kwenda zizini, harudi mpaka chakula kiive.

Mvua zilipoanza sikwenda shamba la kijiji. Balozi alipita mlangoni mara moja, akatazama mkono, akapita. Nilikaa mlangoni. Amina akaniletea chakula palepale nilipokaa, akakiweka kwa adabu, akarudi kula na wenzake ndani. Nilisikia wanacheka. Nilisukuma sahani kwa mguu.

Nikaenda uani. Kinu kilikuwa na uwele wa jioni. Nilishika mchi, vidole vitatu na kiganja vikashika, viwili vikabaki vimesimama. Nikapiga. Maumivu yalinipanda mpaka jino la nyuma. Nikapiga tena. Amina alitoka mbio na tonge mkononi, akaniona, akafungua mdomo aseme, nikamkata jicho. Alimeza tonge. Akachukua mchi wa pili, akasimama mbele yangu, tukaanza kupokezana kinuni, wangu ukishuka wake unapanda. Baada ya muda nikagundua amepunguza mwendo. Mchi wake ulikuwa unakaa hewani unaningoja.

"Twanga, Amina," nikamwambia. "Usinisubiri."

Akatwanga.